Kurasa Tatu za Mwalimu

Haya, tuseme ukweli: Dada Chapa hakuwa na uhaba wa maneno. Kutwa alishinda nayo. Kibanda chake cha kupiga chapa na kutoa kopi kilikuwa na kompyuta mbili, moja mgonjwa wa kudumu, na benchi la wateja. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amewaandikia watu barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi hizohizo, na risala za harusi ambazo bwana harusi mwenyewe hakuzielewa. Jina la Dada Chapa walimpa wateja, likamganda. Lakini moyoni alikuwa na lake: alitaka hadithi yake, japo moja, itoke kitabuni.

Basi aliposikia kwamba kikundi cha waandishi chipukizi kitatoa kitabu cha hadithi za wanachama, akaenda kujiandikisha. Walikutana kila Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha maktaba. Wifi yake, aliyekaa naye nyumba moja na ambaye ulimi wake haujui likizo, alimuuliza anaenda kufundishwa kuandika nini tena, na kutwa kucha anaandika. Dada Chapa akacheka tu, akavaa viatu vya kutokea.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mwalimu, mstaafu, mteja wake wa siku nyingi. Na hapa ndipo penye mambo. Mwandiko wa Mwalimu, we acha tu. Kuku akiparua anaeleweka zaidi. Mwaka juzi alimletea hadithi aichape, ukurasa mmoja umelowa chai hausomeki, na mwenyewe kasafiri. Mtu mwingine angeacha nafasi. Dada Chapa akaandika kipande chake: mama aliyefiwa anakunja nguo za marehemu mwanawe, anafika kwenye shati lenye kifungo kilicholegea, anatafuta sindano, anakishona. Mwalimu aliporudi alisoma karatasi zote palepale bencheni, akaaga, asiseme neno. Dada Chapa akaamini hakugundua. Tangu hapo, kila palipokuwa na doa au mstari uliokatwakatwa, akawa anajazia.

Sasa Jumamosi ya kwanza, mada ilikuwa namna ya kuandika msiba. Katibu wa kikundi, bwana mmoja muuza dawa, mkali kama dawa zake, akasimama kuwasomea mfano bora kutoka kazi za Mwalimu. Akasoma nini? Mama na kifungo. Mama mmoja pale mbele akafuta machozi. Dada Chapa hakujua afurahi au anune. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama dari.

Wiki tatu baadaye ikafika zamu yake kusoma. Alisoma hadithi ya mke anayemsubiri mume aliyekwenda kununua taa. Alipomaliza, katibu akakuna kidevu.

"Dada yangu, usiudhike," akasema. "Umeandika vizuri, ila unamwiga Mwalimu mno. Kitabu kinataka sauti yako. Tuletee nyingine Jumamosi ijayo, la sivyo tutakuacha."

Jamani! Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Aikimbie sauti ya nani, na aende wapi? Jioni alijaribu kuandika tofauti na Mwalimu, yaani tofauti na yeye mwenyewe, kwa sentensi ndefu na maneno mazito. Wifi alipewa asikilize. Akauliza kama hiyo ni barua ya kufukuzwa kwenye nyumba.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hata yeye hakuwa na hakika tena. Miaka yote hiyo vidole vyake vilipita juu ya maneno ya Mwalimu. Huenda ni kweli Mwalimu alimwambukiza. Au yeye ndiye kamwambukiza mzee wa watu? Alitoa hadithi za zamani akajaribu kutenga zake na za Mwalimu, na akashindwa. Alilia kwa hasira.

Jumatano Mwalimu akaja na kazi mpya, ya kitabu. Alitaka aipate Ijumaa, aisome kikundini Jumamosi. Dada Chapa akachapa ukurasa wa kwanza hadi wa tano: binti anarudi kwa baba yake waliyekosana naye. Akafunua wa sita. Mweupe. Wa saba na wa nane, vivyo hivyo, namba zimeandikwa juu kwa mkono wa Mwalimu, chini hakuna hata nukta. Wa tisa, binti na baba wanacheka, wameshapatana.

Alizitazama karatasi zile mpaka mteja akamkumbusha kopi zake. Kumbe alijua! Alijua tangu ule ukurasa wa chai. Je, hii ni heshima au ni dharau? Alifurahi, akaona aibu kwa kufurahi, akakasirika tena. Mwishowe akachapa kama ilivyoandikwa, na kurasa tatu akaziacha nyeupe.

Ijumaa Mwalimu akaketi bencheni, akasoma. Alipofika wa sita akageuza karatasi kuangalia nyuma.

"Mbona hapa hamna kitu?"

"Ndivyo ulivyoniletea, Mwalimu."

Mzee akavua miwani. Dada Chapa akamhurumia bila kutaka.

"Nimejaribu mwezi mzima," Mwalimu akasema polepole. "Kuwapatanisha siwezi. Nikikaa kuandika, nasikia unavyoandika wewe. Sasa kesho nitawasomea nini?"

Dada Chapa hakujua amjibu kama mteja, kama mwalimu au kama mwizi. Akakaa naye bencheni, akazichukua zile kurasa tatu kutoka mikononi mwake.

"Utasoma mpaka wa tano," akamwambia. "Halafu utakaa, nitasimama mimi nisome hizi tatu."

Mwalimu akavaa miwani tena. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na katibu tutamwambia nini?"

"Hilo utamwambia wewe."