Kulala Ubavu

Kitanda kile ninacho mpaka leo. Sikilalii. Nimekiegemeza ukutani katika chumba cha ndani, na binti yangu akija kunifagilia nyumba hukizunguka bila kukigusa. Mara moja aliniuliza kwa nini nisimpe mtu anayekihitaji. Jibu lake ni refu, na mimi maneno marefu huyaweza kidogo kwa kalamu, kwa mdomo siyawezi kabisa. Nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, na shuleni nilikaa miaka mitatu tu.

Tulikuwa tukikaa Mtongwe, karibu na mahali pa kuvukia. Kila asubuhi nilivuka maji kwa chombo kwenda bandarini kubeba magunia, jioni nikirudi. Ulikuwa ule mwaka kabla ya Uhuru, na chomboni watu walibishana kila siku kuhusu Pwani itakuwa ya nani na bendera ipi itapandishwa. Mimi sikuwa na masikio ya hayo. Nyumbani kwangu kulikuwa na mgonjwa.

Mke wangu alizaa mara tano, wawili tukawazika, watoto watatu wakabaki. Baada ya yule wa mwisho tumbo lilikataa kurudi. Mamake alimfunga mkaja wa kubana tumbo siku arubaini kama desturi, akamkanda kwa maji ya moto, na bado likabaki limening'inia, na juu ya kitovu pakatoka uvimbe uliotokeza kila akikohoa, mkubwa kama ngumi. Akiukandamiza unarudi ndani. Akiinuka unatoka tena. Alivaa kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kulibana tumbo, lakini kisimani wanawake hawakudanganyika. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa akimwamkia hivi: "Mwenzangu, huyo aliye tumboni ataanza chuo lini?" Mke wangu akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani hakuwa akicheka.

Lakini si aibu iliyompeleka hospitali. Ni usingizi. Tangu siku niliyomuoa alilala kwa ubavu wa kulia, kauelekea ukuta, kiganja chini ya shavu. Hakujua kulala namna nyingine. Baada ya uvimbe kutoka, kila akigeuka ubavu tumbo lilimwagika upande mmoja likamvuta kitovu, naye akaamka kwa maumivu. Basi alilala chali, na akilala chali hapati usingizi. Aliniambia, "Mimi sitaki tumbo la msichana. Nataka kulala ubavu wangu tu. Siku nitakayolala ubavu mpaka asubuhi, hiyo ndiyo siku nitakayojua nimepona."

Daktari alikuwa mzungu, na nesi akatufasiria. Alisema ukuta wa tumbo umeachana kwa ndani, atauvuta na kuushona, na ngozi iliyozidi ataikata aitupe. Mke wangu aliuliza swali moja, kama ataweza kulala ubavu. Daktari akacheka kidogo, akasema ndiyo, lakini si mara moja. Watoto tukawapeleka kwa bibi yao, mamake mke wangu, huko Waa.

Upasuaji ulikwenda vyema. Hilo sina budi kulisema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta juu ya kitanda cha chuma ambacho upande wa kichwa huinuliwa kwa kuzungusha mpini, naye ameegemezwa nusu ameketi, magoti yamekunjwa juu ya mto. Nilimwonea huruma. Alikaa kama mtu anayengojea chombo cha kuvuka. Nikasema moyoni, masikini, hata mahali pa kujinyoosha hawana hawa.

Siku mbili kabla hajaruhusiwa, nesi aliniita pembeni. Maneno yake ninayo yote. Alisema, "Nyumbani asilale ubavu wala kifudifudi. Alale chali, kichwa na mgongo viwe juu, na magoti yakunjwe, na mto chini yake. Akinyooka, mshono unavutika. Akitaka kukohoa akumbatie mto." Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema, "Naam, nesi, nimesikia."

Nikatoka hapo nikaenda kununua kamba.

Kitanda chetu kilikuwa kikuukuu. Kamba zilikuwa zimelegea hata katikati pamekuwa shimo, na mke wangu alikuwa akilalamika tangu zamani kwamba kulala humo ni kama kulala ndani ya karai. Nilikuwa nikimwahidi kukiwamba upya, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na sikukiwamba. Sasa nikapata siku mbili. Nilifumua zile kamba mbovu zote, nikaigonga mifumbati, ile miti ya pembeni, nikaisugua kwa mchanga, nikakiwamba kwa kamba mpya za usumba wa nazi, nikazivuta kwa mguu mpaka vidole vikachubuka. Mume wa yule jirani mwenye maneno alikuja kunishikia upande wa pili. Akanitania, "Huyu bibi anarudi kutoka hospitali, au unamwoa upya?" Nikamwambia namwoa upya. Tulipomaliza tulikipiga kwa kiganja kikalia. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile kabla yake wala baada yake.

Tulimvusha asubuhi, amejikunja kama bikizee, mkono mmoja tumboni na mwingine begani kwangu. Alipoingia chumbani akakiona kitanda. Nilikuwa nimetandika shuka jeupe. Aliweka kiganja katikati, akakandamiza, hakikubonyea. Kisha akasema, "Kimekuwa kizuri."

Nikamlaza. Chali, amenyooka, mto mmoja kichwani. Niliona vidole vya miguu yake vikijikunja. Niliviona. Nikadhani ni machovu ya safari.

Siku zile nilikuwa nikilala sebuleni juu ya mkeka, nisije nikamgonga. Kila alfajiri nikiingia namuuliza amelalaje, naye hunijibu, "Vyema, alhamdulillahi." Nikienda kazini nakwenda na raha. Wenzangu bandarini waliniuliza hali ya mgonjwa, nami nikawasimulia habari za kitanda.

Siku ya tano mama mkwe alikuja kutoka Waa na mtama wa uji, watoto amewaacha na majirani huko. Niliporudi jioni nilimkuta mkongwe ameketi mlangoni, na ndani mke wangu yuko chini sakafuni, kaegemea gunia la makumbi ya nazi, magoti juu ya mkeka uliokunjwa. Kitandani shuka halina hata kunyanzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

Nikaketi. Akaniuliza kitanda hiki kakiwamba nani. Nikasema ni mimi. Akaniuliza hospitali walisemaje kuhusu kulala. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, neno kwa neno: kichwa juu, magoti juu, mto chini ya magoti, asinyooke. Sikuwa nimesahau hata moja. Nilipokuwa nikiyasema ndipo nilipoyasikia.

Mama mkwe alinitazama. Hakupandisha sauti.

"Kumbe ulisikia," akasema.

Ndani mke wangu akasema, "Mwache, mama. Kakiwamba kwa mikono yake."

Basi nikajua. Kila siku nikishavuka, alijikokota akashuka sakafuni, akapata usingizi wa mchana hapo kwenye gunia. Ikikaribia saa ya mimi kurudi alipanda tena akanyooka. Kupanda na kushuka huko kulikuwa kubaya kuliko kulala kwenyewe, hilo nalielewa sasa. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema, "Ulikuwa umefurahi. Tangu tumzike yule mtoto wetu wa mwisho kufa sikukuona umefurahi. Ningekuambiaje?"

Nilizilegeza kamba jioni ile ile, kabla ya kula. Nilizilegeza mpaka pakawa na shimo kama lile la zamani, nikaweka mito ya sufi nyuma ya mgongo wake, na chini ya magoti mkeka uliokunjwa ndani ya kanga. Mto mdogo nikampa wa kukumbatia. Kesho yake sikwenda kazini. Baada ya adhuhuri alilala, mdomo wazi, akikoroma kidogo, na mimi nikakaa juu ya kigoda nikimtazama. Mamake alikuwa uani akipepeta, na kila mara alichungulia akatikisa kichwa kwamba nisimwamshe. Katika ugonjwa wote ule hiyo ndiyo siku moja ninayoweza kuiita njema. Alipoamka aliniuliza bado siku ngapi mpaka aruhusiwe ubavu. Nikamwambia bado kidogo.

Siku ya pili yake mamake alisikia harufu. Alipofungua kitambaa, upande wa chini mshono ulikuwa umeachia kama urefu wa kidole, na maji yalikuwa yakitoka. Tukamvusha tena. Chomboni watu walikuwa wakibishana bendera, walipomwona wakanyamaza, wakampisha akae.

Hospitali walimrudisha kitanda cha chuma, wakauinua upande wa kichwa, magoti yakawekwa mto. Alikuwa na homa. Daktari hakumlaumu mtu. Nesi alinieleza kwamba pengine uzi hukatika, pengine uchafu huingia, na tumbo lililozaa mara tano huwa limechoka. Nikamwuliza waziwazi. Nikamwambia habari ya kitanda, jinsi kilivyokazwa, na siku alizonyooka juu yake, na kushuka na kupanda. Nikamwuliza, "Je, ni hicho?"

Nesi akasema, "Baba, usijiulize hivyo."

Hakusema siyo. Nimekaa miaka mingi nikilisubiri neno hilo moja, na najua hata angelisema nisingelisadiki.

Siku ya mwisho niliyomkuta ana fahamu alikuwa anatazama ukuta wa upande wa kulia, kichwa tu kimegeuka, mwili hauwezi kufuata. Nilizunguka nikakaa upande huo ili anione. Alinitazama kama mtu anayeangalia kitu kilicho nyuma yangu. Aliniambia niwalipie watoto nguo za Idi mapema, wasije wakavaa za mwaka jana. Hakusema habari ya kitanda, wala sikusema mimi. Kesho yake saa ya kutazama wagonjwa nilizuiliwa mlangoni, nikaambiwa ningoje, nami nikajua.

Tulimzika Mtongwe. Wanawake wa kwao walimwosha, sikuingia. Lakini kaburini niliingia mimi na kakake, kumpokea. Tukamshusha katika mwanandani, ule mfereji mwembamba wa chini, na kama ilivyo sheria yetu tukamlaza kwa ubavu wa kulia, kauelekea ukuta wa udongo. Fundo la sanda nikalifungua, shavu nikaliweka juu ya mchanga. Hakuna kilichomvuta wala kilichomwuma.

Maiti haikai ubavu peke yake, huegemezwa madongo mgongoni isianguke chali. Kakake aliweka mawili akainuka. Mimi nikaweka la tatu, na la nne, nikalikandamiza kwa kiganja, nikalitazama, nikaweka jingine nyuma ya kiuno. Magoti nikayakunja kidogo, kama nilivyoambiwa. Walio juu walikuwa wananisubiri na mbao mikononi, na jua lilikuwa kali. Nikaendelea kutafuta madongo.

Yule jirani aliyenishikia kamba aliinama juu ya ukingo akanipa mkono.

"Inatosha," akaniambia. "Haanguki tena. Toka."