Ukurasa Aliousoma Mwenyekiti

Ambrose Khamala hajashika mwiko wa kujengea tangu avae koti. Koti lenyewe, la kijivu, alilinunua mwaka aliochaguliwa mwenyekiti wa chama cha mafundi wa Kawangware na Kibera, na tangu hapo kazi yake imekuwa kusimama kando ya mtaro na kuonyesha kwa kidole. Mimi si fundi. Mimi ni Nekoye, napiga chapa kwenye duka la kompyuta hapa Kawangware, kituo cha 46, na barua zote za kujisifu za Ambrose zimepita kwenye vidole vyangu.

Simchukii. Namdharau tu, na dharau hainichoshi. Zamani alikuwa mwashi mzuri, na kuta alizojenga mtaa wa Satellite bado ziko wima. Aliacha kazi aliyoiweza akashika asiyoiweza, kisha akaanza kujiita Injinia.

Mwaka huu alipata wazo zuri, lazima nikubali. Chama kichapishe kitabu chembamba chenye majina ya mafundi wote themanini na wanne, kila mmoja na kazi yake, mtaa wake na namba yake ya simu. Kitabu kigawiwe kwa wenye ploti za nyumba za kupangisha kule Riruta Satellite, ili bomba likipasuka wajue wa kumpigia.

Kitabu kama hicho hakipigwi chapa jina kwa jina. Unaandika jedwali la watu wote, halafu unatengeneza mfano mmoja wenye nafasi nne tupu: jina, kazi, mtaa, simu. Kompyuta inawachukua watu kwenye jedwali na kuwajaza kwenye zile nafasi, mmoja baada ya mwingine, mpaka waishe. Tunaiita mail merge. Ukichagua barua, kila mtu anapata ukurasa wake. Ukichagua orodha, wanafuatana chini kwa chini. Ambrose alipoelezwa hayo alitaka barua kwake na orodha kwa wengine wote. Basi nikamtengenezea ukurasa wake mwenyewe, wa kwanza kabisa, pamoja na picha ya koti, yeye akiwa ndani.

Mafundi wengi walinitumia habari zao kwa simu. Bridgit Kavetsa alikuja mwenyewe, kwa miguu, kutoka kijiji cha Raila kule Kibera, magoti ya suruali yakiwa meupe kwa simenti. Bridgit anapanga vigae, na sijaona mtu anayempita. Alisimama nyuma yangu nikiandika, akanifanya nisome namba yake mara tatu. Kisha akanieleza. Kuna nyumba Satellite ambayo alipanga vigae vya jikoni na vya bafu peke yake, siku tisa, na mwenye nyumba alipofurahi alimpigia Ambrose kumshukuru. Kazi iliyofuata kwa jirani Ambrose akampa mtu mwingine. Bridgit hakujua mpaka alipopita pale akakuta imekwisha.

"Mama Hope, mimi sitaki sifa," aliniambia. "Nataka tu mtu akipenda kazi yangu, anipigie mimi."

Kesho yake Ambrose akaingia, akaketi bila kukaribishwa, akaniita "msichana wangu". Hope wangu yuko kidato cha tatu. Alitaka kujua kama ile nafasi ya simu kwenye mfano naweza kuifuta na kuandika namba moja tu, itokee kwa kila mtu. Nikamwambia inawezekana, ni kazi ya sekunde kumi.

"Basi hapo weka yangu," akasema. "Kwa wote. Client akitaka fundi, apitie kwa ofisi."

Ofisi ndiyo ile simu yake yenye kioo kilichopasuka. Watu themanini na watatu walikuwa wametoa namba zao kwa imani, na huyu alitaka kuwageuza wote kuwa vidole vya mkono wake. Alipoondoka nikaiacha ile nafasi kama ilivyokuwa, nikaiambia kompyuta ijaze.

Nikachapisha nakala ya kukaguliwa, kurasa kumi na mbili, nikampelekea pamoja na kalamu. Nilimwambia asome zote, mpaka namba za simu. Akasema yeye hasomi kama mtoto wa shule. Aliusoma ukurasa wa kwanza mara mbili, akaniagiza nikoleze neno Injinia, kisha akatia sahihi kwenye kila ukurasa, sahihi ndefu yenye mkia, bila kuangalia kilichoandikwa juu yake. Angeuliza, ningemwambia ukweli. Hakuuliza.

Vitabu mia tatu akavigawa kwa mkono wake mwenyewe, ploti kwa ploti, akijipiga kifua. Halafu akakaa kungoja simu. Wiki tatu simu ikanyamaza, na mafundi wakaanza kumpita asubuhi wakiwa na mifuko ya vyombo vyao, wakienda kazini bila yeye kuwatuma.

Jumapili akaitisha mkutano kwenye darasa la nasari, nami nikaitwa nije kushtakiwa. Nilizibeba zile kurasa zenye sahihi zake za mikia. Akasimama, akasema kitabu kina kosa kubwa kwenye namba za simu na aliyeharibu ni mimi.

"Namba ya nani, Chair?" Bridgit akauliza.

Akajibu kwamba kila mtu aangalie. Vitabu vikafunguliwa darasa zima. Dalmas, fundi wa nyaya za stima, akasema yake iko sawa. Wa nyuma yake akasema vivyo hivyo, na wa dirishani, na wa mlangoni. Bridgit akaisoma yake kwa sauti, tarakimu moja moja, akasema iko sawa, na tayari imempa nyumba mbili.

Mimi sikuhitaji kutoa zile kurasa. Ili kulionyesha kosa, Ambrose angelazimika kwanza kuwaambia alitaka namba gani ikae pale, na hilo hakuwa na mdomo wa kulisema.

"Imebaki yako, Chair," Bridgit akasema. "Tusomee."

Akafungua ukurasa wa kwanza, wenye picha ya koti. Akaifuata namba yake kwa kidole, watu wote wakimngoja.

"Iko sawa," akasema, akaketi.