Mzani Uliosema Uongo kwa Sauti ya Mama Mkwe

Jamani, nichekeni, mkimaliza mniache, maana aibu niliyoipata pale ghala la pamba, mbele ya mama mkwe na karibu wakulima wote wa upande huu wa Songwa, hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu njiani huwa naongeza mwendo.

Ilikuwa hivi. Chama chetu cha ushirika kilinunua mzani mkubwa wa kuwekwa chini kutoka kwenye mgodi mmoja uliofungwa, na mzani ukaja na kompyuta yake, kizee kizito kama jiwe la kusagia, na huwezi kuibadilisha kwa sababu ndani yake kuna kadi inayousoma mzani na kadi hiyo haiingii kwenye kompyuta yoyote ya siku hizi. Nikaitwa mimi, fundi. (Fundi wa simu na redio hasa, ila kijijini ukifungua simu moja ikawaka, kesho unaletewa hadi jenereta.) Aliyeniita ni mwenyekiti wa chama, Mama Milembe, ambaye ndiye aliyemzaa mke wangu, na mnajua kwetu Wasukuma heshima ya ukweni ilivyo, mimi hata kula naye chumba kimoja sijawahi.

Mama alikuwa amezunguka vitongoji vyote akiwaapia watu kwamba msimu huu hakuna kuibiwa kilo, waache kupeleka pamba kwa wale wanunuzi wa mizani ya kuning'iniza. Watu walikubali kwa sababu yake, si kwa sababu ya chama. Mzani ukiharibika, chama kinakufa, na yeye hatakuwa na pa kuweka uso.

Sasa kazi nilishaimaliza! Mzani unasoma, printa inatoa risiti, ningechukua begi langu nikaenda zangu. Lakini nikawaza, wazee wangapi hapa wataweza kuisoma namba ya kwenye kioo? Kwa nini mashine isiseme? Nilikuwa na kadi ya sauti ya zamani kwenye boksi la makorokoro, nikaichomeka, nikamrekodi Mama Milembe mwenyewe akitaja namba, na mwanzoni nikaweka anasema "Mwangaluka", ile salamu yetu ya asubuhi, na mwishoni "Wabeja", yaani asante. Jioni nikapima mfuko wa saruji, mashine ikasema hamsini, nikarukaruka peke yangu kama mtoto, nikazima, nikaenda kunyoa. (Nilipima mara moja tu. Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Asubuhi uwanja ulijaa, mikokoteni ya ng'ombe na punda mpaka barabarani. Furushi la kwanza likapandishwa, spika ikanguruma: "Mwangaluka. Kilo mia tatu na kumi na mbili. Wabeja." Nawaambia, sijawahi kuona kitu kama kile. Bibi wawili waliokuwa mbele waliitikia salamu, tena kwa kupiga goti kidogo, mwingine akashika mdomo, vigelegele vikapigwa, na mimi nilisimama pale na shati langu jipya, kifua mbele, nikajiona nimeumba kitu. Nilimwangalia mama mkwe kwa pembeni. Alikuwa anatabasamu.

Furushi la pili: mia tatu na kumi na mbili. Mwenye nalo akashukuru Mungu, akashuka haraka. La tatu, kubwa mno, wanaume wanne wamelisukuma mpaka jasho: mia tatu na kumi na mbili. Minong'ono ikaanza. Mimi nikajidai kupiga piga kioo kwa kidole. Ndipo Mzee Masanja, mwembamba kuliko fimbo yake, akapanda juu ya mzani, peke yake, mikono mitupu.

"Mwangaluka," ikasema sauti ya mama mkwe wangu. "Kilo mia tatu na kumi na mbili. Wabeja."

"Kumbe ndiyo maana punda wangu ananichukia," akasema Mzee Masanja.

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Halafu kicheko kikakatika, na kilichofuata ndicho kilichoniua, kwa sababu hakuna aliyenitukana mimi. Walimgeukia mama. "Mama Milembe, hiyo si sauti yako? Unatudanganya kwa mdomo wako mwenyewe?" Wengine wakaanza kufunga mikokoteni. Mama alisimama pale, sauti yake mwenyewe imemsaliti, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasema, bila kunitazama usoni, "Baba Kulwa, itoe hiyo mashine nje. Ifungue hapa, kila mtu aone. Na useme unachofanya."

"Sawa, mama."

Nikaitoa, nikaiwasha ikiwa wazi, watu wamenizunguka kama wanaangalia ng'ombe anayezaa. Maandishi ya mwanzo yalipopita kwenye kioo nikauona ujinga wangu. Kwenye kompyuta za zamani kila kadi ina namba yake ya kuuitia ubongo wa mashine, na kadi zangu zote mbili, ya mzani na ya sauti, zilikuwa zinaita kwa namba tano. Kabla sauti haijatoka, mzani unasikilizwa vizuri. Sauti ikishasema mara moja, inaishikilia ile namba, mzani unabaki kuita bila kujibiwa, na kompyuta inarudia uzito uleule wa kwanza. Nikawaeleza: wawili wanabisha mlango mmoja, na aliyeko ndani anamfungulia mwenye kelele.

"Basi mmoja apewe mlango wake," akasema Mzee Masanja.

Ndiyo hivyo hivyo, mzee. Kwenye kadi ya sauti kuna pini ndogondogo na kidude cheusi cha plastiki kinachoziunganisha, jampa, hakizidi mbegu ya ufuta iliyoshiba, ukikihamisha namba inabadilika. Saba ilikuwa ya printa, nikachagua kumi. Nikazima mashine, nikakishika kwa koleo, kikaruka. Kikaangukia kwenye vumbi na nyuzi za pamba.

"Kimeanguka," nikasema. (Sauti ilitoka kama ya kifaranga.)

Na hapo, jamani, niliona jambo ambalo mpaka leo silimalizi kulishangaa. Watu wale waliokuwa tayari kuondoka waliinama. Wote. Wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, wakipekua vumbi kwa ncha za vidole, umati mzima unatafuta kitu kidogo kuliko kupe. Na mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti miguuni pangu. Mama mkwe! Nilitaka kumwinua nikashindwa, kumgusa ni kosa na kumwacha ni kosa, nikabaki nimesimama na koleo langu nikilia machozi kabisa. Ni yeye aliyekipata. Akaniwekea kiganjani, nikapokea kwa mikono miwili.

Nilipowasha tena, Mzee Masanja alipanda bila kuitwa. "Mwangaluka. Kilo hamsini na moja. Wabeja." Akashuka, likapandishwa furushi, mashine ikasema namba nyingine, likaja lingine, ikasema nyingine, na yale matatu ya mwanzo yakapimwa upya. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani mpaka zamu yake ya pamba ilipofika. Hakuna mkokoteni ulioondoka na mzigo.

Baadaye nilimwomba mama nimrekodi mtu mwingine. Akakataa. "Iache. Ikidanganya tena, nataka niwepo niisikie."

Mimi nimeapa kwamba kitu nilichokijaribu mara moja tu ni kama sijakijaribu. Na wakulima nao walitoa sharti lao: kila asubuhi ya msimu, kabla ya furushi lolote, fundi apande mzani mara mbili, mara ya kwanza peke yake na mara ya pili na jembe mkononi, watu wasikie kama namba inabadilika. Kwa hiyo napanda, na mama mkwe wangu, ambaye hata kuniangalia ninapokula hawezi, anautangazia uwanja mzima kwa spika kwamba nimenenepa.