Mzee Saidi na birika lake wamenifungia njia

Jamani, nipo Kariakoo, ndani ya ule mgahawa wa kahawa wenye matawi kila kona, na siwezi kutoka.

Mnanijua. Mimi ndiye ninayewasema mkiingia humu. Kahawa ni ya kijiweni kwa Mzee Saidi, basi!

Leo joto limenishinda, nikafuata kiyoyozi.

Kumbe na Mzee jua limemshinda. Kahamia kivuli cha mlangoni hapa, yeye, birika lake na kijiwe kizima. Nimejibanza nyuma ya nguzo.

Mara mlinzi huyu hapa na kikombe kidogo na kashata.

"Mzee anasema hiyo ya humo haina tangawizi. Na nafasi yako kwenye benchi bado ipo."

Nageuka, kijiwe chote kinanipungia mkono.

Mlango wa nyuma uko wapi?