Doa la Kola

Dada yangu ni mkata nguo, tena mbishi. Miaka ishirini na saba amesimama kwenye meza ileile, mkasi mkononi, mimi nikiwa nyuma yake kwenye cherehani. Wateja wanamwita Fundi Mkasi. Mimi namwita dada, na siku akinichosha simwiti kabisa.

Dole gumba la kulia ndilo lililoanza kuuma, la kushoto likafuata. Kile kiungo cha chini, karibu na kifundo cha mkono, kikavimba. Asubuhi kimekaza, hata kufungua chupa mpaka aniite. Akawa ananunua vidonge vya maumivu duka la dawa la pale kona, hapimwi, haulizi, anavimeza kwa chai kavu kisha anasimama kukata sare kutwa nzima. Mwaka jana tumbo likagoma. Daktari akamwambia vidonge vimemtia vidonda tumboni, na ile gegedu iliyo kati ya mifupa ya vidole imelika, hairudi tena. Akamkataza vidonge vile, akampa dawa ya kupaka. Apake mara tatu kwa siku, na akishapaka asinawe mikono saa nzima.

Saa nzima! Kamwambie hivyo mtu anayeshika vitambaa vyeupe kuanzia asubuhi hadi jioni.

Alijaribu, haki ya Mungu alijaribu. Alikuwa akipaka anakaa kwenye stuli, mikono kaiweka mapajani, anatazama kazi ikimlalia mezani. Basi siku moja, shule zinakaribia kufunguliwa, hakungoja saa iishe. Nikapokea kola ya shati jeupe ina doa la mafuta, alama ya dole gumba, wazi kabisa. Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, na mashati sitini bado. Nikamrushia ile kola mezani, mbele ya mteja.

"Dada," nikamwambia, "kama mikono imeisha, kaa nyumbani."

Yeye mbishi, siku hiyo akaisukuma kola pembeni, akashika mkasi. Tangu siku hiyo sikuona doa tena. Mkasi ukakimbia kama zamani, nami, mjinga mimi, nikafurahi, nikadhani dawa imemkubali.

Wiki ya tano tangu siku ile ya kola nilimkuta chini chooni, ametapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa. Hospitali wakamlaza, wakamwongezea damu chupa mbili. Nikarudi dukani kuchukua kadi yake ya kliniki. Kwenye droo ya meza yake nikaikuta ile dawa ya kupaka, imejaa, na chini yake paketi za vidonge vilevile alivyokatazwa, tupu, amezifunga pamoja kwa uzi. Nilikaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa nikalia kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Amerudi sasa, amekonda, hana hamu hata ya kubishana. Vidonge hagusi. Kukata nakata mimi, tena vibaya, yeye ananielekeza kutoka kwenye stuli. Mchana narudishia mlango, nampaka dawa mwenyewe, nasugua taratibu mpaka iingie. Maumivu yanapungua, hayaishi. Mkasi hataushika tena, tunajua wote wawili, na hakuna anayelisema.

Jana nilikuwa na mkono wake wa kulia mikononi mwangu aliponiuliza.

"Lile doa la kola, mwenye shati alisemaje?"

Niliendelea kusugua. Nilitamani mteja aingie, hata yule msumbufu anayekuja kila siku kudai suruali yake.

"Hakuliona, dada. Nilifua kwa sabuni ya kipande, likatoka."

"Lini?"

"Siku ileile."

Nje mtu alikuwa akigonga, nikamwacha agonge.

"Ungeniambia limetoka," akasema. Kisha akanipa mkono wa kushoto.