Damu ya Pembeni

Kundi letu la wachoraji liko kwenye simu. Wengine wanaishi Kasese, wengine Bwera, wengine ng'ambo ya mpaka kule Beni na Butembo, na kwa miaka tumejuana kwa picha tu. Mimi ni dereva wa lori. Nachora kwa kidole wakati vibarua wanapakia mzigo. Tulipokubaliana kuchapa kitabu cha pamoja, kila mtu ukurasa mmoja, picha ya asubuhi ya kwao, nilidhani kazi itakwisha upesi. Kumbe!

Kwanza sikujua kwamba picha ina mgongo. Kwenye simu haina. Kwenye kitabu, asubuhi yangu ya mto Nyamwamba italala mgongo kwa mgongo na asubuhi ya mtu wa Butembo nisiyewahi kumpa mkono. Jambo hilo lilinishangaza mpaka nikalisimulia msikitini, wakanicheka.

Mchapaji wetu, mzee mwenye karakana pale Kasese, alitutumia ujumbe wa sauti: "Kila picha ikuwe na damu pembeni. Bila damu, kitabu yenu itatoka na nyeupe-nyeupe, halafu munilaumu mimi." Damu, ndivyo anavyoiita ile rangi inayozidi mpaka wa ukurasa, ili kisu kikikata, picha ifike ukingoni kabisa. Wengi tulimuuliza maana yake. Kuuliza si ujinga.

Mama mmoja wa Bwera hakuuliza. Alikimbia vita kwao, karibu na Beni, na sasa anauza vitenge sokoni. Alikuwa amechora ua wa mama yake: jiko linafuka moshi, kuku wanaparura, kahawa imeanikwa kwenye mkeka, mlango uko wazi. Nilipoiona kwenye simu nilisahau chai yangu mpaka ikapoa. Na kuizunguka asubuhi ile yote, upana wa kidole, alikuwa amepaka damu. Damu ya kuchorwa, lakini kama ya jeraha, yenye michirizi.

Kundi likawaka moto. Wengine walisema picha inatisha, aichore upya au ukurasa wake utolewe. Nikatumwa mimi kumwambia, kwa kuwa lori langu linafika Bwera.

Nilimkuta kwenye meza yake ya vitenge. Yeye huniita Haji, ingawa Makka nimeiona kwenye kalenda tu.

"Haji, mulisema kila picha ikuwe na damu," alisema. "Nikajua munataka ukweli. Ile nyumba haiko tena. Siwezi kuichora mara ya pili."

Ujumbe wa kundi nikauacha. Nikamweleza tu ukweli wa karakana: "Mama, damu ya mchapaji ni ile sehemu ya kukatwa. Inatupwa."

Akaacha kukunja kitenge. "Iko nakatwa?"

"Inakatwa."

"Yote?"

"Mzee akiikuza picha kidogo, yote."

"Basi twende. Nitaona na macho yangu."

Nikampakia kwenye lori hadi Kasese. Mchapaji alikuza picha mpaka wekundu wote ukaangukia nje ya alama za kukatia, lakini alituonya: kisu kikihama hata unywele, mstari mwekundu utabaki. Akachapa, akapanga rundo la karatasi, akalinyoosha kwa kiganja, akashusha kisu. Vipande vyekundu vikadondoka sakafuni, upande mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne.

Subhanallah. Ua wa mama yake ulifika ukingoni, moshi umepanda hadi mwisho wa karatasi, hakuna weupe, hakuna wekundu. Nimebeba mizigo ya kila aina katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona kisu kikimrudisha mtu kwao. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Yeye hakulia. Alipitisha kidole kwenye kingo zote nne, polepole, kisha akainama na kuanza kuokota vile vipande vyekundu.

"Wacha, mama, hiyo ni takataka," mchapaji alisema. "Tutafagia jioni."

"Hapana, papa. Nipe ufagio," alisema. "Kule kwetu tulikimbia tu. Hatukupata wakati ya kufagia."

Mchapaji akazima mashine, akamletea ufagio.