Mama Maji Machafu

Wacheni kumcheka Koki mbele yangu. Mimi Mama Wanyoike nimekaa naye hapa Dandora tangu tulipogawiwa ploti, milango yetu inatazamana, na kama kuna mwanamke nimewahi kumwonea fahari ni huyo. Watu walimbandika jina Mama Maji Machafu. Sawa. Nitawaambia lilitoka wapi, halafu acheke anayetaka.

Tulijenga wakati wa kiangazi. Hapo ndipo tulipokosea, sisi sote. Udongo mweusi wa huku ukikauka huwa mgumu hadi sururu inadunda, na fundi wetu Okoth alipoona hivyo akasema, "Huu ni mwamba, mama. Kuchimba zaidi ni kujichosha." Msingi ukaishia magotini, nasi tukapiga makofi. Kumbe ugumu ule ulikuwa wa jua tu! Mvua ilipokuja, udongo ulifura kama unga wa mandazi uliotiwa hamira, ukainua nyumba. Jua likarudi, ukanywea na kupasuka nyufa za kumeza kiatu cha mtoto. Kila mwaka hivyo hivyo, kulowa na kukauka, na kila mwaka udongo ulizidi kulegea na ukuta ukapasuka palepale Okoth alipoziba.

Nyumba ya Koki ndiyo iliyoumia zaidi. Mvua zikianza, fremu inapinda na mlango unakwama hadi aupige teke. Kwa mtu mwingine huo ni usumbufu tu. Lakini ndani ya chumba kile alilala Mutisya, mumewe, aliyeanguka kutoka juu ya lori la mchanga akavunjika mgongo, asisimame tena. Koki alikuwa akifulia watu nguo na kuzipeleka hadi Buruburu, na akitoka, Mutisya anabaki peke yake.

Mwaka wa themanini na tatu, mvua ikinyesha, stovu ya mafuta ilishika blanketi. Tulimsikia Mutisya akiita. Koki ndiyo kwanza anafika. Akapiga teke, akapiga tena, mlango ng'o! Tulivunja dirisha, Okoth akajipenyeza, akamtoa Mutisya mkono umebabuka. Koki alikaa kwenye matope. "Mlango huu," akasema, "hautanifungia mume tena."

Basi akaanza kuichunguza nyumba yake. Akagundua kwamba ukuta wa nyuma, pale anapofulia na kumwaga maji kila siku, hauna ufa hata mmoja. Udongo wa pale haukuwahi kukauka ukapasuka, kwa hivyo hata mvua ikija hauna haja ya kufura. Mvua zilipoisha akaanza kunyunyizia pande zote za nyumba, kidogo kidogo, kila jioni. Okoth alishika kiuno akimtazama.

"Mama, maji ndiyo yanabomoa nyumba, na wewe unayaongeza?"

"Si maji, fundi. Ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Hata wewe ungechoka."

Halafu ukaja themanini na nne. Mvua ya masika ilikataa kabisa, mifereji ikakauka, wateja wa nguo wakapungua. Mtu mwingine angeacha. Koki alichukua debe, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. "Mama Wanyoike, umeshaogesha watoto? Nipe maji machafu." Wenzake huomba chumvi, yeye aliomba maji ya kuoshea sufuria, ya kuogea, ya kupigia deki! Jina likatoka hapo.

Mirriam wa ploti ya kona alimjia juu. "Watu wana kiu, na wewe unanywesha ukuta! Umerogwa?"

Koki hakupandisha sauti. "Siombi ya kunywa, mama. Naomba ile unayomwaga njiani."

Mimi nilimpa yangu, na Mirriam nikamwambia afunge mdomo wake.

Mvua ilirudi mwisho wa mwaka, ikashuka kana kwamba inalipiza kisasi. Udongo uliokuwa umepasuka ulibugia maji ukafura. Milango ikaanza kukwama, mmoja baada ya mwingine. Mirriam, na mwili wake ule, alitolewa kwa dirisha, nami nilicheka hadi nikashika mbavu. Koki hakucheka. Tangu tone la kwanza aliuacha mlango wake wazi, akauzuia kwa jiwe, akakataa katakata kuufunga. Baridi ikaingia, Mutisya akawa anakohoa hadi ninamsikia kwangu.

"Funga, mke wangu," akamwambia siku ya kupeleka nguo. "Baridi itaniua kabla ya moto."

Koki akaondoa jiwe. Akauvuta mlango, akaniangalia, akaenda na furushi lake kichwani huku akigeuka nyuma kila mara.

Alirudi mbio, ameloa chapachapa. Nikatoka nikasimama naye. Aliinua mguu kama alivyozoea, kisha akaurudisha chini. Akausukuma mlango kwa kiganja. Ukafunguka kwa wepesi hadi nusura aanguke ndani.

"Nani huyo?" Mutisya akauliza kwa woga. Miaka yote ile ya mvua, alikuwa akimtambua mkewe kwa teke.

"Ni mimi."

"Hujapiga teke."

"Sijapiga."

Machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema.

"Hebu toka," Mutisya akasema. "Ufunge, halafu ufungue tena. Nisikie."

Koki akatoka kwenye mvua, akaufunga, akaufungua tena.